Deni la Chafya

Kichochoro chetu cha Mkomani
punda wawili hawapishani:
mmoja sharti arudi kinyumenyume
na anayemswaga aombe radhi.
Dirisha letu na dirisha la Bwana Famau
yangeweza kupeana chumvi.
Hayakupeana. Miaka sita.

Ugomvi wenyewe ulikuwa mlizamu.
Maji ya dari letu yalimwagikia daka lake
siku ya mvua ya mwaka, juu ya kofia ya vito
aliyoishona miezi minne, imebaki kidogo tu.
Akasema neno. Baba akajibu neno.
Sikuyasikia, nilikuwa nimetumwa dukani,
na mama, aliyeyasikia,
ameyameza kama kokwa ya ukwaju.

Tangu hapo salamu zikakatika.
Famau akitaka kutoka hukohoa kwanza ndani
ili wasikutane mlangoni,
na Baba, fundi saa, mtu wa dakika,
alijua dakika ipi asitoke.
Sahani ya Ramadhani iliendelea kuvuka ndia
(wanawake hawakuwa wamegombana),
ilivuka kimya, kitambaa juu,
ikarudi na kitu ndani. Sahani hairudi tupu,
hata ikitoka kwa hasimu.

Ila chafya.
Chafya haina komeo.
Usiku Famau akikunja kazi, vumbi la uzi puani,
tunaisikia ikija, ikija, imefika:
"Alhamdulillahi."
Na sauti ya Baba kutoka kitandani,
kavu kama risiti:
"Yarhamukallah."
Kimya. Kisha ng'ambo:
"Yahdikumullah."
Basi. Madirisha yanafungwa.

Nikamuuliza: Baba, si hamsemezani?
Hatusemezani, akasema. Ile ni haki yake.
Kinyongo ni changu, chafya ni ya Mungu.
Kisha, lenzi jichoni, saa ya mtu kiganjani:
Asiposhukuru, simjibu.
Lakini hushukuru, jeuri yule.
Hajakosa hata mara moja.

Zake mwenyewe alizibana.
Nilimwona, uso kwenye mkono wa kanzu,
mabega yakiruka, sauti hakuna,
asije akawa mdaiwa.

Nilikuwa na miaka tisa. Nikapiga hesabu:
chafya moja, maneno mawili.
Chafya kumi ni mazungumzo.

Ijumaa, baada ya alasiri, wote wawili madirishani,
nikachukua kinu kidogo cha shaba,
pilipili manga za kujaza kiganja,
pilipili kavu mbili, nyekundu
(mama alidhani ni za pilau),
nikatwanga kwa nia, upepo ukinisaidia.

Famau ya kwanza. Akashukuru, akajibiwa.
Baba akashika pua. Akashika. Ikamshinda,
ikatoka na lenzi, ikatoka na skrubu mbili za saa.
"Alhamdulillahi."
Nikasimamisha mchi.
Ng'ambo wakafikiri.
"Yarhamukallah," akasema Famau, polepole,
kama mtu anayehesabu chenji ya mwenzake.

Ya pili. Ya pili. Machozi mashavuni.
Ya tatu, na kule ya tatu.
Famau akapiga ya nne, na aliyesoma anajua
baada ya tatu hapana wajibu wa dua,
mtu huambiwa tu hali yake.
Baba akafungua kinywa, akafunga, akafungua:
"Una mafua weye."
Maneno matatu. Hayadaiwi na mtu.
"Hata weye. Kanwe tangawizi."
"Tangawizi ya nini? Ni mtoto huyu na kinu chake."
"Mwache atwange," akasema Famau,
akapenga kamasi.

Nilipigwa, kandambili moja,
si kwa pilipili, kwa kuwachezea wakubwa.
Kisha nikapelekwa kuomba radhi:
hodi mara tatu, simama ubavuni mwa mlango,
usichungulie, pokea kwa mkono wa kulia.
Bi Barke akanipa kaimati sita
katika sahani yetu ileile.

Msidhani walikumbatiana. Mlizamu
uko vilevile, unamwaga palepale;
Famau alisogeza kiti, akaweka ndoo.
Ila Baba hakuzibana tena chafya zake.
Zilitoka kubwa, za kizembe, dirisha wazi,
na baada ya kushukuru alingoja,
kichwa upande,
kama aliyeiweka saa sikioni
asikie iwapo imeanza kwenda.